Makofi ya Mkunga

Jumatatu ilikuwa siku yao ya kutembea. Misheni iliwapa siku hiyo kila wiki ili wapumzike, na kwa kubadilishana iliomba kitu kimoja tu, picha. Picha ilitakiwa iwaonyeshe wote wawili, wamesimama karibu karibu, nyuma yao kukiwa na kitu cha kutazama, na itumwe kwenye kundi la simu la kanisa lao la nyumbani kabla ya jioni. Waumini waliowaombea na kuwachangia walitaka kuona kwamba wazee wao wako salama huko ugenini.

Jumatatu moja kitu cha kutazama kilikuwa bustani ya maua iliyoezekwa kwa vioo. Mume, mwalimu mkuu mstaafu ambaye kila mtu alimwita Mwalimu, hata mke wake, aliizunguka bustani yote akisoma kwa sauti vibao vya majina ya mimea. Mke, mkunga mstaafu, alifika kwenye benchi la kwanza na kuishia hapo. Magoti yake yalikuwa yamevimba kwa kupanda na kushuka ngazi wiki nzima, na joto la ndani ya vioo lilimletea kichefuchefu. Alivua kiatu kimoja, akakaa akimwangalia mtunza bustani akimwagilia maji. Mwalimu aliporudi alimwomba mtunza bustani awapige picha. Mkunga akavaa kiatu, akasimama, akatabasamu, picha ikapigwa, akakaa tena.

Chini ya picha Mwalimu aliandika: "Tumeizunguka bustani yote. Tumefurahi mno. Hatujachoka."

Katika lugha yao mtu anaweza kumbeba mwenzake kwa silabi moja, na Mwalimu alimbeba mke wake hivyo tangu walipooana. Hakufanya kwa ubaya. Alikuwa amefundisha sarufi maisha yake yote na hakuna aliyewahi kumsahihisha. "Hatutumii sukari," aliwaambia wenyeji waliowaandalia chai, na Mkunga, aliyezoea vijiko vitatu, akanywa chai bila sukari. "Tunalala mapema." "Hatusikii baridi." Siku moja tumbo lilimsumbua Mwalimu, akamwambia mgeni mlangoni, "Leo tunaharisha kidogo." Mkunga alisema kutoka jikoni, "Mimi nimepona, bado wewe." Mgeni alicheka. Mwalimu hakuelewa kilichomchekesha.

Misheni nayo ilihesabu kama Mwalimu. Mume na mke waliotumwa pamoja waliitwa jozi, na jozi ilikuwa mtumishi mmoja: ufunguo mmoja, simu moja, kitambulisho kimoja chenye sura mbili. Mmoja hakutakiwa kutoka bila mwenzake, isipokuwa kwenda sokoni au hospitali. Utaratibu huo uliwekwa zamani, kwa nia njema, ili watumishi wasiwe wapweke. Ufunguo na simu vilikaa kwenye mfuko wa koti la Mwalimu.

Waliishi katika vyumba viwili juu ya ukumbi wa ibada. Ngazi zilikuwa za chuma, nje ya jengo, na mvua ikinyesha ziliteleza kama zimepakwa sabuni. Chini, katika ukumbi, walikusanyika watu wa lugha yao waliohamia mji ule kutafuta riziki: wafagiaji wa ofisi, madereva, wapishi wa hoteli, wanaotunza vikongwe wa watu wengine. Mwalimu aliwafundisha masomo ya ubatizo, aliongoza ibada ya katikati ya wiki, alipatanisha waliogombana. Akiingia ukumbini watu walisimama. Mkunga alipanga viti, alichemsha chai, alifagia wakishaondoka, na alitembelea wanawake waliojifungua.

Kazi hii ya mwisho ndiyo iliyomsumbua kuliko nyingine. Katika hospitali za mji ule hakuwa na ruhusa ya kumgusa mgonjwa, wala hakustahili kuwa nayo. Sheria ni sheria, alisema mwenyewe. Aliingia saa ya wageni, akiwa amebeba matunda kwenye mfuko wa plastiki, akakaa kando ya kitanda. Mtoto akilia, mikono yake ilijiinua kidogo kutoka mapajani, halafu akairudisha.

Walikuwa wametumwa kwa mwaka mmoja na nusu. Mwalimu alilitaka jambo hilo tangu siku alipostaafu. Mkunga alikubali kwa masharti ambayo hakumwambia mtu isipokuwa dada yake.

Dada huyo mkubwa ndiye aliyemlea. Mama yao alifariki Mkunga akiwa bado wa kubebwa mgongoni, na dada, mwenyewe akiwa msichana tu, aliacha masomo akaenda kupika katika bweni la wanafunzi ili mdogo wake asome. Hakuwahi kumsimanga kwa hilo. Alilifanya utani. "Hilo gauni lako jeupe la kazini," alikuwa akimwambia, "ukilinusa vizuri linanuka moshi wangu."

Kabla ya safari dada alikuwa ameanza kupoteza vitu, kisha maneno, kisha watu. Alianza na watu wa mbali, majirani wapya na wakwe, akaingia kwa wajukuu. Mkunga alikuwa ameshauona ugonjwa ule kwa wengine na aliujua mwendo wake. Siku ya kuagana dada alimwita kwa jina la marehemu mama yao, akajishtukia, wakacheka wote wawili mpaka wakafuta machozi.

"Nenda," dada alisema. "Ila urudi kabla sijakusahau."

"Mwaka mmoja na nusu tu, dada."

"Basi nitajikaza."

Huo ndio uliokuwa mpango wa Mkunga, hakuwa na mwingine: kufika nyumbani wakati dada yake angali anamjua. Alihesabu miezi si kama mtu anayechoshwa na kazi, bali kama mtu anayeona maji yanapungua kwenye pipa.

Walipiga simu nyumbani kila Jumapili baada ya ibada. Simu ilikaa kwa Mwalimu, kwa hiyo Mwalimu alianza. Alikuwa na sauti ya mtu aliyezoea kusemesha uwanja mzima wa wanafunzi bila kipaza sauti, na alipenda kusalimu kirefu.

"Mke mkubwa, hujambo?" Ulikuwa utani wao wa siku nyingi, yeye na shemeji yake.

"Mume gani wewe usiyeleta hata chumvi nyumbani?" sauti ya dada ilisikika mpaka nje ya simu.

"Chumvi inakuja. Sisi hapa wazima kabisa. Kazi inakwenda. Jumatatu tulikuwa kwenye bustani ya vioo, tumeona maua ambayo hata majina yake huwezi kuyatamka."

Dada alicheka. Mwalimu aliendelea na habari za ubatizo, za hali ya hewa, za picha. Simu ilipomfikia Mkunga, dada alikuwa ameshachoka kusikiliza. "Haya mdogo wangu," alikuwa akisema, "si nimeshaambiwa yote. Mko salama." Binti wa dada, anayeishi naye na kumtunza, alichukua simu na kuaga.

Kipindi chao kilipokaribia kwisha, kanisa zima lilikwenda matembezi kwenye bwawa nje ya mji. Walipanda basi dogo la kanisa lililoendeshwa na muumini aliyeitwa Breki, kwa sababu hakuna aliyewahi kuona mguu wake ukikanyaga kitu kingine.

"Breki, yule mzee mwenye fimbo ametupita," mmoja alisema kutoka nyuma.

"Yeye hana abiria," Breki alijibu. "Angekuwa na midomo kumi na minne nyuma yake angekwenda polepole."

"Tutafika leo?"

"Aliyetaka kufika leo angeondoka jana."

Mkunga alicheka pamoja na wengine. Alikuwa na furaha siku hiyo. Alikuwa ameanza kufunga vitu vidogo vidogo: ameosha mablanketi, amegawa vyungu vya maua vya dirishani.

Kando ya bwawa palikuwa na meza za mbao na upepo mwingi. Baada ya chakula Mratibu alisimama. Huyu ndiye aliyesimamia jozi zote katika nchi ile, mtu msafi, mpole, aliyekunja mikono ya shati kwa vipimo sawa kulia na kushoto. Mkunga alikuwa meza ya mwisho akimimina chai, na upepo ulichukua maneno mengi. Alisikia "wazee wetu". Alisikia "moyo wa kujitoa". Kisha watu wakapiga makofi, na yeye, kama anavyofanya mtu yeyote kanisani anaposikia wenzake wakipiga makofi, akaweka birika chini na kupiga makofi.

Mwanamke aliyekaa karibu naye alimkumbatia. "Asante mama kwa kukubali."

"Kukubali nini, mwanangu?"

"Si huu mwaka mwingine mnaotuongezea."

Mkunga alichukua birika. Alimimina kikombe kilichokuwa mbele yake mpaka kikajaa, akasogea kwa kinachofuata. Upande wa pili wa meza Mwalimu alikuwa amesimama, mkono kifuani, akiinamisha kichwa kushukuru.

Mkunga aliuliza walipofika chumbani, baada ya Mwalimu kutundika koti.

"Nani aliwaambia tunaongeza mwaka?"

"Walituuliza, tukasema tuko tayari."

"Walituuliza lini?"

"Wiki iliyopita. Mratibu alipiga simu."

"Mimi nilikuwa wapi?"

"Ulikuwa unafagia chini."

"Kwa hiyo sikuulizwa."

"Mama, wakiniuliza mimi wametuuliza sisi. Ndivyo ilivyo jozi." Alikaa kitandani, akaanza kufungua kamba za viatu. "Halafu mbona ulipiga makofi?"

"Sikusikia kilichosemwa."

"Ulipiga makofi mbele ya watu wote. Mtu mzima hapigi makofi kwa jambo asilolitaka. Sasa nimwambie nini Mratibu, kwamba mke wangu hakusikia?"

"Mwambie hivyo."

"Watatuonaje?"

Mkunga alimwangalia. "Na dada?"

"Tutamwombea," alisema Mwalimu.

Itakuwa si haki kumfanya Mwalimu mtu mwovu. Nyumbani, shule aliyoiongoza ilikuwa mwendo mfupi kutoka barazani kwake. Kila asubuhi alisikia kengele ikigongwa na mtu mwingine, nayo haikumhusu. Wanafunzi wapya walipita bila kumsalimu kwa sababu hawakumjua. Alikuwa ameanza kuamka akiwa hana la kufanya, akikalia kiti kimoja mpaka jua limfikie, akihamisha kiti. Ugenini alikuwa mtu tena. Mkunga aliliona hilo vizuri kuliko yeye mwenyewe, na ndiyo maana alinyamaza wiki ile ambayo bado angeweza kusema.

Kulikuwa na sababu ya pili. Wanawake walikuja kumshukuru. Mmoja alileta kitenge, mwingine alileta mtoto mchanga ampakate, kwa kuwa chumbani kwake sheria za hospitali hazikufika. Kila aliyekuja alisema "asante kwa kukubali", na kila asante ilimfungia mlango kwa kufuli jipya. Wangejisikiaje wakiambiwa mama yao hakukubali, alipiga makofi tu?

Tarehe ya kuondoka ilipita. Mablanketi aliyoyaosha yalirudi kitandani. Jumatatu ziliendelea: daraja la waenda kwa miguu, ngome ya zamani, soko la samaki, sanamu ya mtu juu ya farasi. Katika picha za miezi ile Mkunga anatabasamu kama kawaida. Tofauti ni kwamba haangalii kamera. Anaangalia kando kidogo, kama mtu aliyeitwa. Nyumbani waumini waliandika chini ya picha: "Mnazidi kung'aa."

Jumapili moja, mvua ikinyesha, Mwalimu alipiga simu kama kawaida. Mke mkubwa akaulizwa hali, chumvi ikaahidiwa, kicheko kikasikika. Kisha Mkunga akapewa simu.

"Dada, ni mimi."

"Wewe nani?"

"Mimi. Mdogo wako."

"Mdogo wangu yuko mbali na mume wake," dada alisema kwa adabu, kama anayemwelekeza mtu aliyepotea njia. "Hebu nirudishie shemeji, tulikuwa tunaongea."

Mkunga hakumrudishia. Alingoja mpaka akasikia binti wa dada akichukua simu.

"Mama mdogo, usimsikilize. Leo ameamka vibaya."

"Tangu lini hanijui?"

"Siyo kila siku."

"Nimekuuliza tangu lini."

Binti alivuta pumzi. "Tangu mwezi uliopita, mwanzoni. Picha yako ya zamani anaijua, anasema huyu mdogo wangu. Sauti ndiyo imempotea."

"Na ya Mwalimu?"

"Ya baba mdogo anaijua. Si ndiyo anayoisikia sana."

"Mbona hukuniambia, mwanangu?"

"Nilimwambia baba mdogo. Ile Jumapili uliyokuwa unatoa chai. Alisema mnajua. Alisema mnaliombea."

Mkunga aliirudisha simu. Mwalimu aliitia mfukoni bila kuitazama. Alikuwa amesikia.

"Sikutaka tuumie," alisema.

"Ndiyo maana hukuniambia?"

"Nilitaka kukuambia baada ya ubatizo. Kulikuwa na watu wengi wanatutegemea."

Mkunga aliingia jikoni akaosha vikombe vya watu wote waliohudhuria. Alivifuta, akavipanga.

Kesho yake ilikuwa Jumatatu. Mwalimu alikuwa amesimama mlangoni amevaa kofia.

"Leo ni makumbusho ya saa," alisema. "Wana saa inayotembea kwa maji."

"Nenda."

"Peke yangu? Na picha?"

"Piga."

Alichukua mkoba wake na kushuka ngazi za chuma kwa upande, akishika chuma kwa mikono miwili. Mwalimu alibaki juu, ufunguo mkononi. Mkunga alipanda basi la mji, lisilo la kanisa. Ilikuwa mara yake ya kwanza kulipanda mwenyewe, na alipitiliza kituo akarudi kwa miguu.

Mratibu alisimama alipomwona mlangoni pa ofisi yake, akatazama nyuma yake.

"Karibu mama. Mwalimu anakuja?"

"Hapana."

"Anaegesha gari?"

"Hatuna gari. Nimekuja mimi."

Mratibu alimpa kiti. Alikuwa mtu wa heshima na hakujua afanye nini na nusu ya jozi. Aliagiza maji. "Kuna tatizo nyumbani?"

"Nataka kurudi. Dada yangu ananisahau."

"Poleni sana. Mnataka kurudi lini?"

"Siyo sisi. Mimi nataka kurudi."

Alirudia mara mbili kabla hajaeleweka. Mratibu alisikiliza kichwa kikiwa upande, kama anayesikiliza lugha aliyojifunza zamani. Kisha alieleza kwa upole. Misheni haikuwa na nafasi ya mtu mmoja. Nyumba ilikuwa ya jozi, kibali cha kuishi kilikuwa cha jozi, kitambulisho kilikuwa cha jozi. Mmoja akitoka, wote wawili wametoka, na haraka, maana kibali hakitasubiri.

"Mwalimu aliniambia mko tayari kwa mwaka," alisema. "Na mimi mwenyewe nilikuona ukipiga makofi, mama. Nilifurahi."

"Sikusikia ulichosema. Upepo ulikuwa mkali."

"Ungeniambia siku ile."

"Ndiyo. Hilo kosa langu."

Mratibu alichezea kikombe cha maji. "Unafahamu kwamba ukiniambia hivi unamtoa na yeye? Na kazi anayoifanya pale haina mtu wa kuishika. Kuna watu wanasubiri ubatizo. Sikulazimishi. Nenda nyumbani, mzungumze, mwombe, halafu mje wote wawili mniambie mmeamua nini."

"Tukija wawili atasema yeye."

Mratibu alivuta daftari lake.

"Basi andika hivi," Mkunga alisema. "Namtoa."

Aliporudi, Mwalimu alikuwa amekaa mezani, kofia bado kichwani. Mratibu alikuwa ameshapiga simu. Makumbusho ya saa hakwenda.

"Umeniua," alisema.

"Hujafa."

"Unajua ninakorudi? Unajua nitakaa wapi? Kwenye kile kiti."

"Najua."

"Shemeji hakujui hata ukifika. Umesikia mwenyewe. Unaivunja kazi ya watu wote hawa kwa ajili ya mtu ambaye hatajua kama umekuja."

Mkunga alikaa akaanza kukanda magoti. Alikuwa amelifikiria jambo hilo kwenye basi, na lilikuwa jambo la kweli. "Angalau nitamkuta," alisema.

Jumapili ya mwisho ukumbi ulijaa. Mwalimu alisimama mbele na kuaga. Sauti yake ilifika mpaka nje. "Tulikuja kwa furaha," alisema. "Tumetumika kwa furaha. Tulipenda kubaki nanyi." Alitazama sakafu, akainua uso. "Lakini mama ameamua kurudi."

Mkunga alikuwa amekaa mstari wa mbele. Katika miaka yote ya ndoa yao alikuwa hajawahi kumsikia Mwalimu akimtoa katika sentensi mbele ya watu. Alitolewa siku alipotakiwa mtu wa kulaumiwa. Watu walimgeukia. Hakuna aliyesema neno baya. Baada ya ibada walimzunguka Mwalimu, wakamshika mikono, wengine wakilia, na Mkunga akaenda kuchemsha chai. Wanawake wawili walikuja kumsaidia kubeba vikombe. Aliyemkumbatia kule bwawani hakuja. Alipitia upande wa pili wa ukumbi, mtoto wake mkononi.

Breki ndiye aliyewapeleka uwanja wa ndege. Aliendesha kama kawaida yake, na Mwalimu, aliyekaa nyuma peke yake, alitazama saa mara nyingi.

"Mama," Breki alisema kwa sauti ya chini, "wanasema umewanyang'anya mchungaji."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi niliambiwa baba yangu ni mgonjwa, nikasema namaliza mkataba kwanza." Alibadilisha gia. "Mimi sisemi kitu."

Safari ilikuwa ndefu, na kwenye ndege walikaa wameachana kwa sababu tiketi zilikatwa kwa haraka. Mwalimu hakuzungumza naye ila kwa mambo ya lazima: pasi, begi, maji. Hata hivyo walipofika, alikwenda naye moja kwa moja kwa dada, bila kupitia nyumbani. Hakueleza kwa nini. Huenda hakuwa na haraka ya kukiona kile kiti.

Binti wa dada aliwapokea mizigo uani. Alimkumbatia Mkunga kwa muda mrefu. "Leo si mbaya," alimnong'oneza. "Leo amekula."

Dada alikuwa amekaa kwenye kochi karibu na dirisha, amevaa gauni safi, nywele zimesukwa upya. Alikuwa amepungua. Mkunga alisimama kizingitini. Mwalimu, nyuma yake, alisema alichozoea kusema kila Jumapili.

"Mke mkubwa, hujambo?"

Uso wa dada ulifunguka wote. "Shemeji! Umekuja?" Alinyoosha mikono miwili. Mwalimu alipita, akainama, akaishika. "Umekuja kweli. Na chumvi yangu?"

"Ipo kwenye begi."

"Muongo wewe." Alicheka, akamshikashika mikono kama anayehakikisha ni mtu. Kisha alitazama mlangoni. Alimtazama Mkunga tangu kitambaa cha kichwani mpaka viatu, akamwinamishia kichwa kidogo, kwa adabu ya mwenye nyumba anayempokea mgeni aliyefuatana na mgeni wake. Akamgeukia tena Mwalimu.

"Mdogo wangu umemwacha wapi?"

Mwalimu alifungua mdomo. Alimtazama mke wake, akautazama mkono wa dada uliokuwa ndani ya wake, akatazama sakafu. Binti wa dada alianza kusema, "Mama, si huyu hapa," lakini Mkunga alimnyamazisha kwa kidole. Alikuwa ameshaona wagonjwa wengi wakisahihishwa na kutishika.

"Anakuja, dada," alisema. "Yuko njiani."

"Amechelewa."

"Ndiyo. Amechelewa."

Dada alitafakari, bila kukasirika. "Huwa hachelewi," alisema. Kisha akamwonyesha kiti cha upande wa pili wa dirisha. "Kaa, mama. Umechoka. Wewe nawe umetoka mbali?"

"Mbali kidogo," Mkunga alisema, akakaa.